Kikanzu cha Sanduku la Njumu

Sanduku moja la njumu, chupa moja ya damu ya baba, kikanzu kimoja cha melimeli na usingizi wa wanawake wawili: hiyo ndiyo gharama ya habari ninayotaka kuwaandikia. Nimeijumlisha mara mbili, kama ninavyojumlisha kila kitu, na mara zote mbili imetoka vilevile. Ipo pia roho ya mtoto mchanga. Hiyo sijui niiweke upande gani wa hesabu, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Ninyi mliobaki wodini mliniomba, siku ile ya kuniaga, niwaachie maandishi kuhusu kazi. Mkanipa na saa kubwa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye mmetoka kumwambia kwamba hana tena pa kuwahi. Basi maandishi ndiyo haya. Vyeo nitaviruka, kwa kuwa navyo viliniruka. Mshahara sitausema, ulikuwa mgeni asiyelala. Majina ya wagonjwa nimeyabadilisha, na aliye mjanja kati yenu akiwatambua, ujanja wake aumeze.

Nimezaliwa Makorora, hapa hapa Tanga. Mama yangu aliuza mitumba, na kabla sijajua kusoma nilikuwa najua kupatana. Alinifundisha kwamba robota huhesabiwa likifungwa na huhesabiwa tena likifunguliwa, maana njiani nguo huota miguu. Alinifundisha kutotaja bei ya mwisho mwanzoni. Na alinifundisha neno moja ambalo sikulielewa mpaka nilipokaribia uzee: mtu akikubali bei ya kwanza bila kubisha, usifurahi, mtazame usoni. Ama mali si yake, ama ana msiba.

Siku yangu ya kwanza wodi ya wazazi nilifika na gauni lililopigwa wanga mpaka likasimama lenyewe. Aliyenipokea alikuwa Sista Perpetua, Mbondei wa Muheza, mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Hakuniuliza cheti. Alichukua mtoto aliyezaliwa alfajiri ile, akaniwekea mikononi.

"Mnuse."

Nikadhani ananifanyia utani wa wageni. Nikamnusa. "Ananukia mtoto, sista."

"Wewe nimesikia ni wa sokoni. Ukienda kununua samaki changu, muuzaji akikuambia ananukia samaki, utaridhika?"

"Siridhiki."

"Basi mnuse tena."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Kitovu kinachoanza kuoza hunuka kabla hakijavimba. Mama mwenye sukari iliyopanda sana pumzi yake hunukia tunda lililopitiliza kuiva. Mtoto aliyepakwa mafuta ya taa utosini na bibi yake hahitaji kipimo, anahitaji kuogeshwa, na bibi anahitaji kuzungumzwa naye kwa adabu. Sista Perpetua alisema macho yanadanganywa na taa, masikio yanadanganywa na kelele za ndugu, lakini pua ina ukaidi wake. Shashi za kuzalishia alinihesabisha kabla ya kazi na baada ya kazi, mara mbili mbili. "Ya kwanza unahesabu kwa macho," alisema, "ya pili unahesabu kwa woga." Alipostaafu aliniachia kipembe chake cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Siku hizi mna mashine zinazopiga kelele chumba kizima, na mimi sizikatai, ila umeme ukikatika mnajua nani alikuwa akiitwa.

Kesi moja ya miaka ile lazima niitaje, maana bila hiyo hamtaelewa inayofuata. Alikuja mama kutoka upande wa mashamba ya machungwa. Mume wake alikuwa kibarua wa kupulizia miti dawa ya wadudu. Kila jioni mama huyu, na mimba yake, alifua ovaroli la mumewe kwa mikono, katika beseni lile lile alilooshea mboga. Mtoto alizaliwa mdogo, analegea, ananyonya kwa kuvutwa. Aliishi, lakini alituhangaisha. Siku ya kuruhusiwa mama akauliza, "Ni ile dawa?"

Daktari wa zamu alitazama dirishani. Sista Perpetua ndiye aliyejibu. "Hatujui, mwanangu. Huenda ndiyo, huenda siyo. Ila kuanzia leo ovaroli afue mwenyewe, beseni lake liwe lake, na mimba ijayo uje kwetu mapema."

Koridoni nikamwambia, "Sista, umemwambia hatujui, mbele ya daktari."

"Kwani tunajua?" akasema. "Sikiliza. 'Sijui' ni jibu halali, mradi uliambatanishe na kitu cha kufanya. 'Sijui' tupu ni kumfungia mtu mlango usoni."

Nililiweka neno hilo, nikalitumia miaka yote, na halikuniangusha. Mpaka alipokuja Rahma.

Rahma alikuwa binti wa pekee wa Bi Salha. Nyumba yao iko Raskazone, moja ya zile za zamani zenye baraza pana na milango mizito. Babu zao walitoka Omani, wakauza nazi na karafuu, wakamiliki mashamba, na sasa wamebaki na nyumba, heshima, na paa linalovuja. Siwasengenyi, Bi Salha mwenyewe alikuwa akisema hivyo. Rahma aliolewa Pangani, na kama ilivyo ada, mimba ilipofika miezi saba alirudi kwa mama yake kusubiri kujifungua. Akalazwa chumba cha ndani, ndicho chenye kitanda kizuri na ndicho chenye sanduku.

Alijifungua kwetu mchana, mimi nikiwa zamu. Mtoto wa kiume, mzito, akalia kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Nikahesabu vidole mara mbili, nikamkabidhi. Kesho yake asubuhi nikambonyeza paji la uso kwa kidole, pale nilipoachia pakabaki rangi ya manjano. Umanjano wa siku ya tatu au ya nne watoto wengi huwa nao na huondoka. Wa siku ya kwanza hauna mzaha. Nikamwita Daktari Elia.

Daktari Elia alikuwa kijana wa Upare, mtulivu, mmoja wa wale madaktari wachache wanaouliza swali kisha wakasubiri jibu. Akapima damu. Kundi la damu la mama na la mtoto hayakugombana. Hakukuwa na homa wala maambukizi. Lakini damu ya mtoto ilikuwa inapungua, kama inavunjwavunjwa ndani kwa ndani, na tulikuwa hatujui anayeivunja ni nani.

"Umetumia dawa yoyote katika mimba?" akamuuliza Rahma.

"Zile mlizonipa kliniki tu."

"Za miti shamba? Za kusafisha tumbo?"

Bi Salha ndiye aliyejibu, amekaa wima kitini kama mtu aliye barazani kwake. "Daktari, sisi si watu wa kunywesha wazazi mizizi. Nyumba yangu ni safi."

Nyumba ilikuwa safi kweli. Tukamweka mtoto chini ya taa ya buluu, uchi, nepi tu na kitambaa cha machoni. Umanjano ukashuka. Baada ya siku chache tukawaruhusu. Bi Salha akaja na furushi la hariri, akafungua pale pale kitandani, akatoa kikanzu kidogo cha melimeli, cheupe kilichoanza kuwa rangi ya maziwa, kola yake imetariziwa kwa mkono.

"Hiki alikishona mama yangu," akaniambia. "Kaka zangu wote walikivaa. Mwanamume wa nyumba yetu hatoki nje mara ya kwanza bila kukivaa, na mpaka siku ya saba analala katika nguo za sanduku lile lile."

Nikamsifia tarizi. Wakaondoka kwa bajaji, mtoto katikati kama mtoto wa mfalme.

Hawakumaliza wiki. Walirudi asubuhi, Rahma amembeba, Bi Salha nyuma bila buibui kukaa sawasawa, jambo ambalo peke yake lilinitisha. Mtoto alikuwa manjano mpaka nyayo, na chini ya manjano hayo alikuwa mweupe kama karatasi. Hanyonyi. Mkojo kwenye nepi ulikuwa rangi ya chai ya rangi. Daktari Elia akapiga simu maabara, baba akaitwa kutoka Pangani, damu yake ikaoana na ya mtoto, ikapimwa, ikatolewa. Wakati tunasubiri nikaanza kumvua mtoto nguo ili arudi chini ya taa. Nilipompitisha kikanzu kichwani, pua yangu ikaamka.

Mnaijua harufu hiyo. Vile vidonge vyeupe vinavyouzwa barabarani kwa pakiti, vya kuweka kabatini, naftalini. Kikanzu kilikuwa kimeinywa kwa miaka. Shuka aliyofungiwa, vivyo hivyo. Kofia, vivyo hivyo.

"Dokta," nikasema, "nusa hapa."

Akanusa. "Kabati la bibi yangu," akasema, akitabasamu kidogo. Kisha tabasamu likaondoka taratibu. Akaketi. "Mama, hili tulifundishwa. Tena mhadhara mmoja tu."

Akatueleza, mimi na Rahma na Bi Salha, kwa sauti ya chini. Kuna watoto, hasa wa kiume, na sehemu kama pwani yetu yenye malaria wapo wengi, ambao wanazaliwa na upungufu fulani katika damu. Hawana ugonjwa wowote. Wanaweza kuishi mpaka uzee bila kujua. Lakini damu yao haivumilii vitu fulani. Baadhi ya dawa, na hiyo naftalini. Hewa yake ikivutwa, au ikipenya ngozi laini ya mtoto mchanga, chembe za damu zinapasuka. Alipokuwa uchi chini ya taa alipona kwa sababu hakuvaa kitu. Tulipomruhusu, tukamruhusu arudi ndani ya kile kile.

"Lakini kuna jambo halijakaa sawa," Daktari Elia akasema. "Mara ya kwanza umanjano ulianza kabla hajavaa nguo za nyumbani. Maana yake kitu kilimfikia akiwa bado tumboni. Rahma, hivyo vidonge ulikuwa navyo karibu?"

Rahma akamtazama mama yake. "Sanduku lilikuwa chumbani," akasema. "Basi."

Sokoni nilijifunza kwamba mtu akisema "basi" mapema hivyo, bado kuna kitu chini ya meza. Sikumkaba. Adhana ya adhuhuri ilipoita Bi Salha akaenda kusali. Nikabaki nakunja shuka.

"Mimba ina hamu zake," nikasema, nikiongea na shuka. "Mimi ya pili nilikula udongo mpaka muuzaji akanihurumia akaanza kunificha. Nimezalisha wanawake waliokuwa wananusa petroli, wengine wanatafuna sabuni. Hakuna hata mmoja niliyemcheka."

 Rahma akavuta pindo la kanga yake, akafungua fundo, akanionyesha kidonge cheupe kilichosagika mpaka kikabaki kama punje ya pilipili manga.

"Nilikuwa nanusa tu," akasema. "Mwanzoni."

"Halafu?"

"Nikawa nalamba. Kidogo. Kinywa kilikuwa kinanidai."

"Mwanangu, umefanya vizuri kuniambia."

Machozi yakamtoka bila sauti. "Na ile mimba ya kwanza pia."

Hapo ndipo niliposikia habari ya yule wa kwanza. Alizaliwa miaka miwili kabla, hospitali nyingine, wa kiume, salama salimini. Walimpeleka nyumbani Raskazone. Siku ya nne akawa manjano, siku ya sita akafariki, kabla hata ya akika. Watu walisema jicho. Wengine walisema kazi ya Mungu, na hao hawakosei kamwe.

"Mwambie daktari kuhusu hii mimba, ili amtibu mtoto," Rahma akasema. "Lakini mama asijue. Nakuomba. Akijua kwamba ni mimi niliyemuua mjukuu wake, atanitazamaje?"

Nikamwambia hakuna aliyesema amemuua. Nikamwambia yule wa kwanza hakupimwa, na sasa hapimiki. Nikamwambia hatujui. Halafu nikatafuta kitu cha kufanya nikiambatanishe, kama nilivyofundishwa. Nikapata: kidonge kile kitupwe, mimba nyingine aje mapema. Hilo ni la walio hai. La yule aliyelala Tanga chini ya udongo sikuwa nalo.

Nikaahidi kunyamaza. Siri ya mgonjwa si yangu kuiuza, hata kwa bei ya huruma.

Mtoto alipata damu ya baba yake, akarudi chini ya taa, akaanza kunyonya kwa hasira ileile aliyozaliwa nayo. Baadaye, alipokwisha kupona vizuri, kipimo kilipelekwa Dar es Salaam, kikathibitisha alichokidhani Daktari Elia. Lakini kabla hatujamruhusu kulikuwa na kazi moja ambayo haikuandikwa popote katika majukumu yangu: mtu alitakiwa kwenda kupatana na Bi Salha.

Nilikwenda mwenyewe. Nikamkuta barazani, kahawa tayari, kama aliyenitegemea.

"Shikamoo, Bi Salha."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kunywa kahawa. Mengine yakipatikana, alhamdulillahi."

Akanipeleka chumba cha ndani kunionyesha sanduku. Nimeona masanduku ya njumu mengi, mengi yakiwa ya kuuzia wazungu, lakini lile lilikuwa la kweli, misumari ya shaba imepangwa kama nyota, kifuniko kinahitaji mikono miwili. Alipokifungua macho yangu yalitoa machozi, na si kwa uzuri wake.

"Naliongezea vidonge kila mwezi unapoandama," akasema. "Sijawahi kusahau."

Nikaanza na bei ya juu. "Bi Salha, mtoto yule asiguse kitu cha sanduku hili maisha yake yote."

"Mpaka siku ya arobaini. Ngozi itakuwa imekomaa."

"Maisha."

"Mwaka."

"Maisha, Bi Salha. Damu yake haikomai."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Unaniambia nitupe ada ya mama yangu kwa ajili ya harufu?"

Nikauvuta mkeka, nikakaa chini, niwe chini yake. "Mama yako aliweka nini ndani ya sanduku?"

Akafikiri. "Mama? Aliweka karafuu. Na nguo akizifukiza udi. Hivi vidonge vililetwa na mume wangu kutoka dukani, mende walipozidi."

"Basi mimi sikuombi uache ada ya mama yako. Nakuomba uirudie. Vidonge nje. Nguo zifuliwe, zianikwe juani siku nyingi. Udi ufukizwe mtoto akiwa chumba cha mbali. Na mtoto huyu avae nguo mpya."

 Nadhani alijua kwamba nimempatia mahali pa kutokea bila kuinama. "Na kikanzu?"

"Hapana."

"Siku ya arobaini tu."

"Hapana."

"Saa moja. Apigwe picha."

"Bi Salha, mimi ni mtoto wa sokoni. Naona unavyonishusha ngazi moja moja. Hii haina ngazi."

Akacheka kidogo, kicheko cha pua. "Kiwekwe kwenye sinia, basi. Watu wakione. Kikae mbali naye."

"Kikiisha kuanikwa mpaka mimi mwenyewe nisikinuse, kikae kwenye sinia, mlango wa mbele, yeye akiwa nyuma."

Tukapeana mikono. Nilidhani nimemaliza, nikanyanyua kikombe cha kahawa. Hapo ndipo aliposema, akiwa anakunja kikanzu, hanitazami:

"Na yule wa kwanza? Alivaa hiki hiki. Rahma alikuwa na homa ya uzazi, hakuwa na nguvu. Nilimvisha mimi. Nililala naye mimi, ndani ya nguo hizi, nikimfunika zaidi kila alipopoa. Je, ni mimi?"

Nikasema, "Bi Salha, sijui."

"Hujui, au hutaki kusema?"

Nikanywa kahawa. Nilikunywa mpaka kikombe kikawa kitupu na bado nikaendelea kukielekeza mdomoni. Mwenyewe akaniokoa. "Haya," akasema. "Lakini Rahma asijue kwamba nimeliuliza hili. Yeye anadhani ni amri ya Mungu tu, amepata utulivu. Nisimtie mzigo huu. Niahidi."

Nikaahidi. Mara ya pili, nyumba moja, juu ya mtoto mmoja.

Siku ya arobaini nilikwenda. Kikanzu kilikuwa kwenye sinia ya shaba, mlangoni, hakina harufu yoyote. Nilihakikisha mara mbili. Mtoto alikuwa nyuma, amevaa fulana ya dukani yenye picha ya tembo, amenona. Sanduku halikuwepo. Baadaye nilisikia kwa fundi seremala anayenijua kwamba Bi Salha alimwita mnunuzi, mnunuzi akataja bei yake ya kwanza, ya matusi, na Bi Salha akasema, chukua. Hakubisha hata senti. Mama yangu angenielewa nilivyokosa raha niliposikia hivyo.

Kwa ninyi mlio kazini, machache ya kushika mkononi. Msiulize "umetumia dawa?" peke yake; hakuna anayeita kidonge cha kabatini dawa. Ulizeni mama analala chumba gani na ndani mna nini. Ulizeni nguo za mtoto zimekaa wapi na pamoja na nini, tena ulizeni kabla hajajifungua, si siku ya kumruhusu. Ulizeni anatamani kunusa nini, mkiwa peke yenu naye, na nyuso zenu zisishtuke. Mtoto aliyepona wodini akaugua nyumbani, msimchunguze mtoto peke yake, ichunguzeni na nyumba. Na mnuseni.

Hayo nayajua. Nisilolijua ni hili.

Rahma ana mimba tena, imetimiza miezi saba, na amerudi Raskazone. Chumba cha ndani kimepakwa rangi, kitanda kile kile, pale palipokuwa na sanduku pana mkeka. Wiki hii Bi Salha ameniletea salamu kwa simu ya Rahma. Amesema nije Ijumaa baada ya sala. Amezeeka, macho yanamwishia, anataka kupokea mjukuu huyu akiwa na moyo mwepesi. Akaongeza: safari hii nisimjibu kwa kahawa. Dakika chache baadaye Rahma akanipigia mwenyewe, kwa kunong'ona, akiniomba kitu kimoja tu: nikija, nisiteleze ulimi.

Nikimwambia Bi Salha kweli yote niijuayo, kwamba mtoto yule huenda alifikiwa tangu tumboni, mzigo wake utapungua, lakini nitakuwa nimeunyanyua begani mwake nikautua juu ya binti yake mwenye mimba. Nikimtuliza Rahma kwa habari ya kikanzu, ni kinyume chake. Nikinyamaza, wanawake wawili wataendelea kulala ukuta mmoja katikati, kila mmoja akimkinga mwenzake na kitu ambacho mwenzake anacho. Nimefikiria kuwaketisha pamoja kila mmoja aseme lake, lakini siri hizo si zangu kuzifungua, na mimba ya miezi saba si wakati wa kujaribu mizani. Kifo kimoja kinalipwa mara mbili, na kila mlipaji anadhani yuko peke yake.

Sista Perpetua hayupo tena wa kumuuliza. Mmebaki ninyi. Mmesoma kuliko mimi, na mko wengi. Bila shaka mmoja wenu amewahi kusimama mahali kama hapa akapata la kuambatanisha na "sijui". Kama yupo, na aniambie kabla ya Ijumaa. Saa mliyonipa nimeitundika sebuleni, inakwenda vizuri, na kumbe bado nina pa kuwahi. Nimwambie nini Bi Salha?